Mkwe wa Mkambala

Vijana wanapenda kusifu wazee wa zamani kwamba walikuwa na nguvu. Walikuwa nazo, sikatai. Punda naye anazo. Lakini mimi niliishi na hao wenye nguvu, nikala nao, nikabeba nao, na nilichokiona ni kwamba mtu mwenye mabega mapana sana hakitumi kichwa kazi yoyote. Kinakaa pale juu kwa ajili ya kofia.

Chukua Bwana Mkubwa wa shamba la mkonge nililofanyia kazi, karibu na Korogwe. Jina lake silitaji, huenda ana wajukuu huko Ulaya na wao hawajanikosea. Miaka hiyo Mwingereza ndiye mwenye nchi, na bei ya mkonge imepanda mpaka Bwana anacheka peke yake barabarani. Siku moja ililetwa stesheni ngoma mpya ya korona. Korona ni ile mashine inayokwangua majani ya mkonge yakabaki nyuzi, na ngoma yake ni pipa la chuma, zito kuliko dhambi za kambi nzima. Wakaipakia kwenye trola ya reli ndogo ya shamba, na kabla haijafika kiwandani ikapinduka, ikaingia mtaroni.

Bwana akaja, akatazama, akauliza swali moja tu: "Watu wangapi?"

Nyapara akasema arobaini. Hao arobaini hawakupewa gogo wala chuma cha kushikia. Walipewa mtu wa kuwaimbisha, nyapara mwenyewe. Wakavuta siku mbili kwa nyimbo nzuri sana, na ngoma ikasogea hatua moja, kwenda chini. Bwana akafikiri, akasema, "Basi sitini." Hiyo ndiyo hesabu aliyovuka bahari kuja kutufundisha.

Siku ya tatu akatokea fundi Matayo wa karakana, mzee mwenye jicho moja, na nyuma yake kijana wake wa kupaka mashine grisi, Salimu, mtu wa Kang'ata, mwembamba hata akisimama ubavu unamtafuta. Walibeba mtaimbo mmoja na vipande vitatu vya mataruma ya reli. Sisi sitini tukakaa chini tuwacheke vizuri. Matayo akaweka kipande cha taruma karibu kabisa na ngoma, akalaza mtaimbo juu yake, ncha fupi chini ya ngoma, ncha ndefu hewani, akamwambia Salimu aning'inie kwenye hiyo ndefu. Ngoma ikainuka kiasi cha kiganja. Wakapenyeza taruma chini yake isirudi. Wakainua tena, wakapenyeza tena. Walianza saa nne. Saa saba ngoma ilikuwa juu ya trola na Matayo anakula muhogo wake.

Bwana alimpa nyapara zawadi ya blanketi. Alisema ameimbisha vizuri.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale sitini. Siku hiyo nilijidharau mpaka nikakosa usingizi, na nilipomaliza kujidharau nikabakiwa na dharau nyingi ya kugawia wengine.

Mwaka uliofuata Salimu akataka kuoa. Alikuwa amemwona Zamda binti Sadala kwenye soko la Kabuku, akarudi kambini hajui kama amekula au hajala. Wazazi wake walikwishakufa, mjomba wake wa pekee miguu ilikuwa imevimba, kwa hiyo mshenga nikawa mimi, Bonaventura, mtoto wa manamba, niliyezaliwa kambini na kubatizwa kambini, niende kuomba posa katika nyumba ya Waislamu wa Kizigua kule Misima. Hakuna aliyeshangaa. Makambini tulishachanganyika kama kande.

Mzee Sadala, baba yake Zamda, alikuwa na mwili wa kabati na akili ya droo yake ya chini kabisa, ile isiyofunguka. Maisha yake yote yalikuwa hadithi ya vitu alivyobeba. Alisema kwamba kwenye vita ya Mjerumani alibeba mzinga peke yake toka Handeni mpaka Morogoro, na mwenye mzinga amekaa juu yake anavuta kiko. Alisema aliwahi kumbeba ng'ombe mgonjwa mpaka Kabuku, na walipofika ng'ombe akamshukuru. Alisema hayo kwa uso mkavu, na watu wa Misima walimsikiliza kwa uso mkavu vilevile, jambo ambalo ni baya zaidi.

Lakini katikati ya uwanja wake mwenyewe kulikuwa na jiwe. Lilikuwa la mviringo, laini, limezama nusu ardhini, ukubwa wa ndama aliyelala. Wengine husema lilikuwa dogo kuliko hapo. Hao hawakuwepo. Kila masika maji ya mvua yalishuka, yakaligonga, yakageuka na kuingia nyumbani moja kwa moja, yakapitia mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Babu yake Sadala alilizunguka jiwe hilo. Baba yake alilizunguka. Sadala mwenyewe, mbeba mizinga, alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu na bado analizunguka, na usiku hulipiga teke kwa kidole gumba.

Nikafika, nikavua kofia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye umetumwa na yule kijiti?"

"Ndiye mimi, mzee. Kijana ana adabu, ana kazi ya fundi, hanywi..."

"Ana mgongo?"

"Mgongo anao, mzee. Kila mtu anao."

"Wewe nitazame mimi. Huu ndio unaitwa mgongo. Huo wake ni uti tu." Akacheka, na wanaume watatu waliokuwa wamekaa naye wakacheka kwa zamu.

Sasa kwao pale kijana akitaka mke hufanya kwanza kazi ya ukwe. Hulima shamba la baba mkwe, au humjengea ghala, au humkatia nguzo. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Sadala akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kazi, na kumbe alikuwa ameichagua tangu asubuhi.

"Shamba langu limelimwa," akasema. "Ghala ninalo. Mwambie aje aniondolee hilo jiwe. Peke yake. Likifika kule ukingoni mwa uwanja, binti ni wake."

Mlangoni alikuwa amekaa mama yake Sadala, Bibi Mwantumu, ajuza wa miaka themanini, mwepesi kama pumba, na kikopo cha ugoro mkononi. Akauliza taratibu: "Sadala, baba yako alilishindwa, wewe umelishindwa, sasa ndiyo umpe mtoto wa watu?"

"Mama, mimi sikulishindwa. Mimi sikulihitaji liondoke."

Bibi akavuta ugoro wake na kupiga chafya. Nilidhani ni ugoro. Baadaye nilijua alikuwa anacheka.

Salimu alikuja siku ya Jumatano. Kijiji kizima kilikaa uwanjani kama wanaongojea ngoma, na Sadala aliwekewa kiti. Salimu akasalimu, akalizunguka jiwe mara mbili, akaligusagusa kama mganga, kisha akaenda zake porini. Watu wakasema amekimbia. Akarudi anakokota mti wa mkambala ulionyooka, urefu wa hatua saba, unene wa mkono wa mkulima. Mkambala ni mti mgumu. Shoka jepesi likiupiga, linalolia ni shoka. Akaenda tena, akaja na magogo mafupi sita ya mviringo na kabari za mbao alizochonga mwenyewe.

Akachimba kidogo pembeni ya jiwe. Akaweka jiwe dogo karibu na lile kubwa liwe egemeo, akalaza mkambala juu yake, ncha fupi akaichomeka chini ya jiwe, akaenda mpaka mwisho wa ncha ndefu na kuukalia kama mtu anayekalia benchi. Jiwe lililowashinda baba watatu likanyanyuka. Salimu akaitwika ncha ile magogo yake isipande, akarudi kusukuma kabari chini ya jiwe. Akahamia upande wa pili. Kukalia, kabari. Kukalia, kabari. Lilipotoka shimoni akalilaza juu ya magogo, na kutoka hapo uwanja uliinama kidogo kuelekea ukingoni, kwa hiyo alilisukuma tu kwa kiganja, akiokota gogo linalobaki nyuma na kuliweka mbele. Jua halijafika utosini na jiwe liko ukingoni. Salimu akaomba maji ya kunywa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Sadala akalitazama jiwe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa, na kweli alikuwa ameibiwa: kitu kimoja tu alichokuwa nacho duniani, kilichomfanya awe Sadala, kimechukuliwa na mtu ambaye hata kukunja mikono ya shati hakukunja.

"Mshenga," akaniita. "Huyu mtu wako ametoka jasho?"

Nikamtazama Salimu. Shati lake lilikuwa kavu kuliko langu, na mimi nilikuwa nimekaa kivulini.

"Hakutoka sana, mzee."

"Hakutoka kabisa! Sasa kazi imefanywa na nani?"

"Na Salimu, mzee. Wote tumeona."

"Mliona nini? Mimi nimeona mtu amekaa juu ya mti. Aliyeinua jiwe ni mti. Salimu alikuwa anapumzika!" Akasimama, akawageukia watu. "Kazi ya ukwe ni jasho. Kama kazi imefanywa na mti, basi mti ndio uoe. Nasema mbele yenu wote: mkwe wangu ni huo mti!"

Wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bibi Mwantumu hakucheka. Akafunga kikopo chake cha ugoro.

"Sadala, umesema mbele ya watu?"

"Nimesema, mama."

"Mkweo ni mti huu wa mkambala?"

"Ndiyo huo huo!"

"Haya. Tumesikia."

Sadala hakuishia hapo. Mpumbavu akishaanza kupigiwa makofi huwezi kumkalisha. Akasema jiwe lirudishwe shimoni kama lilivyokuwa, na siku ya Jumatano nyingine atakuja mwanamume kuliondoa kwa mikono, na huyo ndiye atapewa Zamda. Nimeishi miaka mingi. Nimeona watu wanaolalamika kwamba wana jiwe, na nimeona watu wasioweza kuliondoa. Mtu aliyeondolewa jiwe akaamuru lirudishwe, nimemwona mmoja tu.

"Nilirudishe mimi, mzee?" Salimu akauliza kwa adabu.

"Wewe na mkwe wangu."

Salimu akalirudisha. Kwa kuwa sasa ilikuwa kupanda, ilimchukua muda: anasukuma kwa mti kidogo, anaweka kabari lisirudi nyuma, anasukuma tena. Akalitumbukiza shimoni alasiri. Tulipokaa pembeni akanigeukia.

"Bona, nimempoteza."

"Hujampoteza. Tulia."

Sauti ya Zamda ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni. Zamda hakuwa mtu wa kujificha na kulia. "Shemeji Bona! Mwambie asirudi Korogwe. Na huyo mbeba mizigo anayeletwa, mwambieni akishaniinua ajue na pa kuniweka, maana mimi sishuki mahali popote tu!"

Nikataka kuuchukua ule mti tuondoke nao. Bibi Mwantumu akaniwekea fimbo yake kifuani. "Uache. Huyo ni mkwe. Mkwe halali nje."

Basi wanawake wa Misima wakaubeba mkambala, wakauingiza kwenye kibanda cha wageni, wakaulaza juu ya mkeka mpya. Wakauvisha kofia ya mkono. Asubuhi ukapelekewa uji, na mchana ugali na mlenda, na sahani zikarudi tupu. Kuna wanaosema ni kuku, mimi sikukaa kulinda. Habari zikafika Kabuku, na madereva wa malori wakawa wanasimama kuuliza njia ya kwenda kumwona bwana harusi asiyepinda. Mama mmoja alikuja kutoka mbali kuuliza kama mti huo una ndugu, maana yeye ana mabinti wawili.

Mzee Sadala alidhani ni mchezo. Lakini kwao ukwe una sheria zake, na Bibi alizishika moja moja. Mkwe na baba mkwe hawali pamoja. Hawakai mkeka mmoja. Mkwe hagusi mwili wa baba mkwe wala hauoni mguu wake juu ya kifundo, na ikitokea ni aibu na posa imekufa. Ikawa kila mti ukitolewa nje kuota jua, Bibi anapiga kelele: "Sadala! Mkweo yuko uwanjani, shusha kanzu!" Naye, mbele ya watu aliowaita mwenyewe kuwa mashahidi, hana la kufanya, anashusha kanzu na kupitia nyuma ya choo.

Jumatano ikafika, na Mdoe akafika. Mdoe alikuwa mbeba marobota ya mkonge pale stesheni ya Korogwe. Shingo yake ilianza masikioni na kuishia mabegani bila kupungua. Hakuja peke yake. Alikuja na wenzake kumi na mmoja.

"Mzee," nikasema, "Salimu ulimwambia peke yake."

"Hawa ni mikono," Sadala akanijibu. "Mikono si mti."

Nilitaka kuuliza mikono ishirini na miwili ya ziada itamwoa Zamda kwa zamu gani, lakini Mdoe alikwishanipita.

Mdoe akamkuta Salimu amesimama pembeni. "Wewe kijiti, leo tazama watu wanavyofanya kazi. Umekula lakini?"

"Nimekula, kaka. Na wewe?"

"Mimi nimekula kuku mzima."

"Basi naona mko kumi na watatu," Salimu akasema. Watu wakacheka, na Mdoe akaendelea kutafuta huyo wa kumi na tatu.

Wakalizunguka jiwe. Hapo ndipo nilipokumbuka mtaro wa Korogwe. Jiwe la mviringo halina masikio. Watu sita tu wanapata pa kushika, waliobaki wanashika waliolishika. Wakaanza kuimba. Mdoe anaita, wenzake wanaitika:

"Mama kapika nini?"

"Ugali!"

"Na nguvu ziko wapi?"

"Mkononi!"

Na kila wakiitika "mkononi" jiwe linatikisika kidogo na kurudi palepale. Jasho likawatoka, la kweli, la kumfurahisha Sadala. Likawatiririka mpaka viganjani, na viganja vikawa kama vimepakwa mlenda. Kwa mara ya kumi hivi jiwe likainama upande mmoja, chini yake pakaonekana giza la shimo. Sadala akashindwa kujizuia. Aliona uhai wake wote uko pale. Akatupa kofia, akapiga kelele, "Ngojeni mkubwa wenu!", akajitosa katikati yao na kuweka bega, na mguu wake wa kulia akaukanyagisha ndani ya shimo.

Viganja vikateleza. Jiwe likarudi.

Alipiga ukelele ambao nadhani Mjerumani aliusikia kaburini. Bahati yake shimo lilikuwa na tope la mvua ya juzi. Mguu ulizama topeni, haukuvunjika, lakini ulibanwa juu ya kifundo kama panya kwenye mtego. Mdoe na wenzake wakalikamata jiwe tena. Likatikisika, likakaa vizuri zaidi, na Sadala akalia, "Acheni! Acheni! Mnanisaga!" Ule upande wa kushika sasa ulikuwa chini ardhini. Kumi na wawili wakasimama wanatazamana, mikono inaning'inia. Mmoja akashauri waimbe wimbo mwingine.

"Leteni mti!" Sadala akalia.

Hakuna aliyesogea. Bibi Mwantumu akaja pole pole na fimbo yake, akasimama juu ya mwanawe.

"Mti gani, mwanangu?"

"Huo! Mkambala! Uko kibandani!"

"Mkweo?"

"Mama, mguu!"

"Nauona mguu, na kanzu imepanda mpaka gotini. Hivi ndivyo unavyotaka mkweo akukute? Aje akuguse mguu mbele ya Misima nzima? Posa itakufa leo leo."

"Mama, ule ni mti tu!"

"Ati nini? Mimi sisikii vizuri."

"Mti! Ni mti tu! Hauna akili, hauna lolote, ni mti!"

Bibi akakaa chini, akafungua kikopo chake bila haraka. "Wiki iliyopita ulisema ndio uliofanya kazi. Sasa kama ni mti tu na hauna lolote, jiwe liliondolewa na nani?"

Sadala akauma meno. Nilimwona anatazama Mdoe, anatazama mikono ile yote, anatazama jiwe. Maskini, alikuwa anapigana vita yake ya mwisho, na nusura nimwonee huruma, kisha nikakumbuka blanketi la nyapara.

"Nani, mwanangu? Tope linakauka."

"Salimu," akasema chini chini.

"Nani?"

"Salimu! Salimu ndiye aliyeliondoa! Peke yake! Kwa akili yake!"

"Na Salimu ni nani kwako?"

"Ni mkwe wangu! Haya! Mashahidi ninyi nyote, ni mkwe wangu, mnitoe!"

Salimu alikuwa tayari amekimbia kibandani na kurudi na mkambala begani. Bibi akamnyooshea fimbo. "Wewe! Ishia hapo hapo. Geuka! Umeshakuwa mkwe, unakwenda kutazama mguu wa baba mkwe wako?"

Salimu akatii, akatupa mgongo. Zamda na shangazi zake wakaupokea mti.

"Mpeni Mdoe aushike," Sadala akaomba.

"Mdoe ameshika vya kutosha leo," Bibi akasema. Akajifunga kanga yake kiunoni.

Basi Salimu akiwa amegeukia mahindi, akaanza kuelekeza: "Egemeo liwe karibu na jiwe, Zamda. Karibu zaidi. Ncha fupi ipite chini ya jiwe, upande uwanja unakopanda. Tayari? Bibi, wewe nenda mwisho kabisa. Usishike katikati, katikati hakuna kitu. Mwisho."

Bibi Mwantumu alikuwa na uzito wa madebe mawili ya mahindi, na la pili halikujaa. Akaenda mpaka ncha ya mwisho ya mkambala, akaukumbatia kwapani, akauachia mwili wake, miguu ikaacha ardhi. Na jiwe, mbele ya watu kumi na wawili walioshiba kuku, likaamka taratibu kama mtu anayeitwa kwa jina lake.

"Vuta mguu, Sadala," akasema huku anabembea. "Mimi nina ugoro wangu unaningoja."

Sadala akavuta mguu. Kiatu kilibaki shimoni, na nadhani kipo mpaka leo.

Mdoe alikuwa wa kwanza kuondoka. Alisema amekumbuka kuna gari moshi la mizigo linamngoja. Nilimsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote, nikamwambia asivunjike moyo, akitafuta vizuri atapata bibi dhaifu zaidi wa kushindana naye. Harusi ikafungwa baada ya mavuno. Jiwe Salimu aliliondoa kwa mara ya pili, na masika yaliyofuata maji yakapita uwanjani yakaenda zake, hayakuingia kusalimia mtu.

Lakini kabla ya hapo, usiku wa siku ile ya mguu, nililala pale Misima. Kulipopambazuka nikatoka kwenda kunawa, nikasikia mtu anaguna kwa juhudi. Nikachungulia. Mzee Sadala alikuwa peke yake uwanjani, mguu umefungwa kitambaa. Ameweka egemeo, amechomeka mkambala chini ya jiwe, na anaubonyeza kwa kidole kimoja. Jiwe linapanda. Anaachia, linashuka. Anabonyeza tena. Anatazama kidole chake, anatazama jiwe.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Akaruka. Akashusha kanzu. "Marahaba, mshenga. Nilikuwa naangalia kama kuna nge chini yake."

"Wapo?"

"Bado sijaona vizuri."

Nikamwambia aangalie tena, maana nge hujificha sana. Akanishukuru, akajifuta uso kwa kiganja chake, akaubonyeza mti kwa mara nyingine. Nilipomaliza kunawa, kupiga mswaki na kunywa uji, alikuwa bado anatafuta nge.